Kilo Zinazopotelea Mizanini: Utaratibu wa Ndani wa AMCOS za Masasi na Newala

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, swali moja huzunguka vijiweni Masasi na Newala, mkoani Mtwara: mbona bei niliyoisikia mnadani si hela niliyoikuta benki? Mkulima amepeleka korosho zake chamani, ameshika karatasi yenye kilo na daraja, ameisikia bei, amezidisha. Ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu, jumla imepungua. Akiuliza, majibu hayafanani. Mmoja humwambia ni makato halali. Mwingine humwambia karani kala. Wa tatu husema mzigo umenyauka. Majibu yote matatu yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mjadala haumaliziki: kila jibu lina dawa yake, na watu wanagombania dawa kabla ya kukubaliana juu ya ugonjwa.

Hapa tunaitazama AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, kama biashara ndogo. Ina ghala, mizani, karani, leja, bodi na wateja ambao pia ndio wenye mali. Bei ya korosho ghafi huamuliwa zaidi na wabanguaji wa India na Vietnam, na hakuna chama cha Newala kitakachoibadili. Kinachobadilika kwa uamuzi wa wanachama wenyewe ni yale yanayotokea tangu gunia linaposhushwa kwenye baiskeli mpaka jina la mwenye gunia linapoingia kwenye orodha ya malipo. Eneo hilo dogo halizungumzwi vya kutosha, ingawa ndiko malalamiko mengi yanakozaliwa.

Mzigo unavyosafiri

Mkulima huokota korosho, hutenganisha bibo na korosho, huanika, kisha hupeleka chamani. Pale mzigo huchambuliwa na kupangwa daraja la kwanza au la pili, hupimwa, huandikwa, hujazwa kwenye magunia ya katani ya kilo 80, na kusubiri gari. Gari huupeleka ghala kuu, ambako hupimwa tena na ubora wake kuthibitishwa. Mwendesha ghala hutoa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo chama kikuu hupeleka mzigo mnadani: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi, Mtwara na Nanyumbu. Mnunuzi akishalipa, hela hurudi kwa njia ileile hadi kwenye akaunti ya mkulima, ikiwa imepungua ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, tozo za chama cha msingi na chama kikuu, usafirishaji, ghala na magunia.

Hesabu vituo: mzigo umepimwa angalau mara mbili, na taarifa zake zimeandikwa mara tatu au nne, mara nyingi na mikono tofauti. Kila panapoandikwa upya, namba hupata nafasi ya kubadilika. Jina la mwenye mzigo halisafiri nao. Gunia likifika ghala kuu ni mali ya AMCOS fulani, si ya mtu fulani. Kwa hiyo kilo zikipungua njiani, upungufu ni wa chama kizima, na chama lazima kiamue nani aubebe. Vyama vingi havijawahi kuliamua hilo kwenye mkutano. Huamuliwa kimyakimya, na mtu aliyekaa kwenye mizani.

Historia iliyokaa kwenye meza ya karani

Kutoaminiana huku hakukuanza jana. Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, kisha ikaporomoka hadi kiasi cha tani 16,500 mwaka 1986/87. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na kuhamishiwa vijijini kulichangia pia, kwani watu walitengwa na mikorosho yao. Lakini na utaratibu wa kununua ulikuwa na sehemu yake. Mamlaka ya Korosho iliundwa mwaka 1973, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na vikarudishwa kwa sheria mwaka 1982. Mkulima wa Newala aliyepanda mikorosho akiwa kijana alishuhudia mnunuzi wake akibadilishwa mara kadhaa kabla hajazeeka, na kila aliyekuja alikuja na daftari jipya.

Biashara ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wafanyabiashara binafsi wakaingia vijijini. Mwaka 2005 ikapitishwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala, na msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa mfumo huo. Kwa miaka kadhaa mkulima alilipwa kwa awamu, malipo ya kwanza na malipo ya pili. Malipo ya pili yakipungua, moto huwaka: Aprili 2013 huko Liwale, mkoa jirani wa Lindi, hasira za malipo pungufu ziliishia kwenye uchomaji wa nyumba.

Halafu ukaja mwaka 2018. Bei za wanunuzi zilikataliwa, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likitoa magari na askari wa kuzisomba. Kilichokwamisha malipo baada ya hapo ni jambo ambalo kila AMCOS ilipaswa kuwa nalo tayari: rejista ya wakulima inayoaminika. Serikali haikujua nani ana shamba na nani ni kangomba, yaani mlanguzi wa vijijini, aliyejipenyeza, hivyo ikafanya uhakiki, na mwenye zaidi ya kilo 1,500 akafuatwa hadi shambani. Wakulima halali walisubiri kwa miezi. Somo la msimu ule linakumbukwa zaidi kama la siasa na bei. Kwa mtazamo wa utaratibu, lilikuwa somo la daftari.

Unyaufu, deni lisilo na mwenyewe

Tuingie sasa kwenye kiini cha jambo, maana bila kulielewa hili, hoja zote zinazofuata zinaning'inia.

Korosho ikitoka shambani ina unyevu mwingi. Inayofaa kuhifadhiwa inatakiwa iwe na unyevu wa kati ya asilimia 8 na 10. Mwezi Oktoba jua ni kali na kuanika siku mbili tatu kunatosha. Desemba mvua zimeshaanza, na huko Newala juu ya uwanda, ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Mkulima mwenye shida ya hela huleta mzigo kabla haujakauka sawasawa.

Tuseme, kwa mfano tu, AMCOS imepokea tani 200 zenye unyevu wa asilimia 12. Zikikaa wiki chache zikisubiri gari na mnada, zikashuka hadi asilimia 9, uzito wake utakuwa kilo 193,400 hivi. Kilo zipatazo 6,600 zimepaa hewani. Hakuna aliyeiba hata punje. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, chama kimepungukiwa karibu shilingi milioni 20, na karatasi walizoshika wakulima bado zinasema tani 200.

Milioni hizo zitatoka wapi? Karani anajua kwamba upungufu ukitokea, swali la kwanza litaelekezwa kwake. Basi anajikinga. Mizani ikisoma kilo 47.6, anaandika 47. Gunia tupu la katani lina uzito unaokaribia kilo moja, naye anakata mbili. Mzigo wenye mashaka anausukumia daraja la pili. Nusu kilo kwenye mapokezi elfu moja ni kilo 500, na akikata hivyo msimu mzima anaweza kuziba sehemu ya shimo la unyaufu. Lakini anaweza pia kuzidisha, na ziada hiyo haina jina la mtu kwenye leja. Ni kilo yatima. Anayetaka kuiandikia jina la shemeji yake hazuiwi na kitu.

Huo ndio mnyororo wa sababu: kinga ya karani mwaminifu na njia ya karani mwizi ni tendo lilelile, limefanyika kwenye mizani ileile, kwa kalamu ileile. Mkulima aliye kwenye foleni hawezi kuzitofautisha. Na mwaminifu akishaonekana mwizi kwa misimu miwili, atapata sababu chache sana za kuendelea kuwa mwaminifu. Tunaopenda ushirika tunapaswa kuumizwa na jambo hili kuliko tunavyoumizwa na bei.

Wanaosema: leteni mashine

Kundi la kwanza, na lenye sauti kubwa kwa sasa, linaamini teknolojia. Lina hoja. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta MUVU, mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama. Mizani za kidijitali zimeanza kuchukua nafasi ya zile za kusogeza jiwe. Mnada wenyewe umehama kutoka kwenye sanduku la zabuni kwenda kwenye mtandao wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, na msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa, bei kwenye minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo huku mkulima akiziona zabuni zikishindana hadharani.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba mashine haizungushi 47.6 kuwa 47 kwa hofu. Ikiunganishwa na rejista, kilo huingia kwenye jina la mkulima papo hapo, na kilo yatima zinapungua. Udhaifu wake ni kwamba TMX inaanza kazi mahali ambapo AMCOS imemaliza. Uwazi wa bei mnadani hauonyeshi kitu kuhusu kilo zilizokatwa kijijini. Mizani ya kidijitali nayo inasoma uzito tu. Haisomi unyevu. Ukiiweka kwenye chama ambacho hakijaamua nani abebe unyaufu, utapata upungufu uleule wa milioni 20, safari hii ukiwa umeandikwa kwa desimali mbili, na karani asiye na pa kujificha ataanza kuukata kwenye daraja badala ya kwenye kilo. Ongeza betri isiyochajiwa na mtandao unaokatika saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika barabarani. Karani atarudi kwenye daftari na kuingiza namba jioni, na daftari la jioni ni mlango uleule wa zamani.

Wanaosema: kaza ukaguzi

Kundi la pili linataka mkono wa serikali uwe mzito zaidi. Vyombo vipo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume yenye mamlaka ya kusimamia, kukagua na hata kuondoa bodi. COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, imekuwa ikikagua hesabu zao tangu miaka ya 1980. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuzigonga muhuri.

Hakuna biashara ya watu wengi inayoweza kuishi bila mkaguzi wa nje, na hofu ya ukaguzi imewazuia wengi kunyoosha mkono. Tatizo ni wakati. Ripoti ya ukaguzi husomwa msimu ukiwa umekwisha, hela imeshagawanywa, karani wa msimu ameshaondoka. Inaweza kumpata mwenye hatia, lakini kilo hazirudi. Zaidi ya hapo, ukaguzi mkali bila kanuni ya unyaufu humfanya karani ajikinge zaidi, maana sasa shimo litampeleka polisi. Adhabu iliyoongezwa juu ya utaratibu mbovu inakamua palepale panapovuja, kwa mkulima.

Wanaosema: unganisha vyama, ajiri wataalamu

Hoja ya tatu ni ya kibiashara zaidi. AMCOS nyingi ni ndogo mno. Kipato chake ni tozo ya shilingi kadhaa kwa kilo, kinachopanda na kushuka na mavuno, na kinachoingia miezi michache tu. Haiwezi kumlipa mhasibu mwaka mzima, hivyo mtu mmoja hupima, huandika, hutunza funguo za ghala na kuandaa orodha ya malipo. Ukiunganisha vyama vitatu, unapata kilo za kutosha kuajiri watu watatu na kutenganisha kazi hizo.

Ni kweli, na kutenganisha mikono ndiyo kanuni kongwe kuliko zote katika utunzaji wa mali. Lakini Newala si mjini. Chama kikiondoka kijijini, mkulima mwenye magunia mawili hulipia bodaboda kwenda na kurudi, au hungoja apate gari la kuchangia. Hapo ndipo kangomba anapobisha hodi. Yeye huja mpaka barazani, hupima kwa bakuli, hutoa hela mkononi leo. Bei yake ni mbovu, kila mtu anajua, lakini ni bei isiyo na foleni wala uhakiki. Umbali unaoongezwa kwa nia njema humrudisha mkulima kwa kangomba. Njia ya kati ipo: vyama jirani vichangie mhasibu mmoja anayezunguka, mizani zikibaki vijijini. Tena vikipokea na ufuta wa katikati ya mwaka na mbaazi za Agosti na Septemba, kazi ya mhasibu huyo inaanza kufanana na ajira ya mwaka.

Hoja ya nne, ya kuachia soko huru kabisa ili kila mtu auze anapotaka, sitakawia nayo. Inapata nguvu kila malipo yanapochelewa, lakini uwanda huu uliishi nayo kabla ya 2007, na mkulima mdogo mwenye njaa alikuwa akiuza maua ya mkorosho kabla hayajawa korosho.

Mizani ya hoja

Ukiziweka hoja hizi pamoja, unaona kwamba kila moja inatengeneza kituo kimoja cha safari na kuacha pengo lilelile katikati. Hukumu ya uchambuzi huu ni kwamba kanuni ya unyaufu na mgawanyo wa kazi vije kwanza, mashine na ukaguzi vifuate nyuma. Si kwa sababu mashine ni mbaya. Ni kwa sababu mashine hufanya kwa kasi kile ilichokikuta.

Nchi hii ina mfano wa kuanza na utaratibu kabla ya mashine. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia utaratibu wa Kijapani uliopewa maneno matano ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kazi ilianza na rafu za dawa, mafaili na alama za sakafuni, vitu ambavyo haviulizi bajeti kubwa. AMCOS inaweza kuanza na ua wake. Foleni ya mzigo uliokauka iwe upande mmoja na ya mzigo mbichi upande mwingine. Gunia lililopimwa lisilale karibu na lisilopimwa. Hatua hizo zinaonekana ndogo, lakini ugomvi mwingi wa ghalani ni wa magunia yaliyochanganyika.

Kisha kipima unyevu kiwe mlangoni, kabla ya mizani. Hapa kuna gharama ya kibinadamu ambayo lazima isemwe wazi: ukimrudisha nyumbani mwenye korosho mbichi, umempeleka kwa kangomba. Chama chenye turubai za kuanikia uwanjani kwake humpa njia ya tatu. Mzigo unaachwa na kibandiko cha jina lake, unaanikwa siku mbili, unapimwa mwenyewe akiwepo. Asiyeweza kungoja akatwe kilo kwa jedwali lililobandikwa ukutani, kufuatana na unyevu uliosomwa mbele yake. Jedwali hilo litawaudhi watu msimu wa kwanza. Lakini mkato unaosomeka ukutani unaweza kubishiwa na kurekebishwa mkutanoni, jambo lisilowezekana kwa mkato unaokaa kichwani mwa karani.

Kuhusu mikono, chama kisicho na hela ya kuajiri watu watatu kina wanachama mia kadhaa. Kila siku ya mapokezi foleni ichague wawili wa zamu: mmoja asome mizani kwa sauti, mwingine aandike daftari la pili, karani akiandika lake. Jioni madaftari yalinganishwe, na ubaoni ziandikwe namba tatu bila majina: kilo zilizopokelewa, kilo zilizopakiwa, kilo zilizosomwa ghala kuu. Namba ya tatu ndiyo wakulima wengi hawajawahi kuionyeshwa. Siku itakapokuwa ubaoni pembeni ya ile ya kwanza, tofauti itakuwa na ukubwa unaojulikana, na mjadala utahama kutoka nani kala kwenda kwenye kwa nini gari lilichelewa siku kumi na moja.

Mpango huu una udhaifu wake. Zamu hula nusu siku ya mtu mwenye shamba lake. Wawili wa foleni wanaweza kuwa ndugu wa karani, hasa katika kijiji kidogo. Wasiosoma vizuri watategemea masikio. Wala ubao hauleti magunia ya katani yanapochelewa, na magunia yakichelewa korosho hulala chini, hunyeshewa na mvua, na ratili za kiini kwa gunia hushuka. Hayo yanahitaji chama kikuu na Bodi ya Korosho. Lakini chama kinachoweza kuonyesha kwa namba zake kwamba mzigo ulikaa siku fulani bila magunia, na ukapoteza kilo kadhaa, kinaingia kwenye kikao cha TANECU au MAMCU kikiwa na dai, si manung'uniko.

Muda wa kuyaamua haya si Oktoba, mizani ikiwa imezungukwa na watu. Mkutano wa wanachama unaofanyika Agosti, salfa ya kuzuia ubwiriunga ikiwa imeshapigwa na mbaazi zinavunwa, una wiki kama nane za kununua kipima unyevu na turubai, kumwita Wakala wa Vipimo agonge muhuri wake, na kupigia kura asilimia ya unyaufu ambayo chama kitaibeba kwa jina lake kabla gunia la kwanza halijashushwa.